Sombe Maana Yake Kushoto

Otieno alinipigia simu nikiwa ndani ya lifti ya hospitali, nimeshika kitanda cha mzee mmoja niliyekuwa nampeleka kupigwa picha ya kifua. Sikupokea. Akapiga tena, nikajua kuna mtu amefariki, kwa sababu Otieno ni wa kutuma ujumbe wa sauti na hana kawaida ya kupiga mara mbili. Nilipomkabidhi yule mzee kwa watu wa picha, nikasimama kando ya mashine ya soda nikampigia. "Kocha Walt ametuacha," akasema. "Ni moyo. Mama Carol anataka sisi wa safu tukuje kumuaga, wote watano. Na wewe usianze story za shift, Suku. Miaka yote unatoroka." Nikamwambia nitakuja. Akaniambia niape. Nikamwambia nimeshasema nitakuja.

Hakukosea kusema natoroka. Nilikuwa nimemkwepa Kocha Walt kwa zaidi ya miaka kumi, na hospitali ninayofanyia kazi hapa Maplewood, Minnesota, ni mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka nyumbani kwake Golden Valley. Habari za kambi ya wakimbizi na za safari ya kuja huku nimeziandika kwingine. Hapa nataka mwaka mmoja tu, ule ambao treni ya University Avenue ilianza kupita karibu na kanisa letu la Frogtown, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na uzito wa kilo mia moja na thelathini, nasoma mwaka wa pili katika chuo kidogo cha Saint Paul na kucheza mpira wa Kimarekani. Katika mpira huo kuna safu ya watu watano wanene wanaosimama mbele, bega kwa bega, na kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mwenzao anayerusha mpira. Mpira wenyewe hawaushiki. Anayerusha huandikwa gazetini na kupigiwa makofi, na wale watano hurudi nyumbani na vidole vilivyovimba. Otieno na mimi tulikuwa wawili kati ya hao watano, yeye wa ndani na mimi wa pembeni, upande wa kushoto, ambako mrusha mpira haoni kinachomjia.

Kocha Walt alikuwa kocha wa hao watano peke yao. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, katika vyuo vinane. Aliwahi kunitajia vyote tukiwa kwenye basi, kwa mpangilio, kama mtu anayetaja watoto wake: Dakota mbili zote, Iowa, Nebraska, mara Ohio, mara tena Iowa. Hakuna hata kimoja alichokihama kwa kupenda. Katika kazi ile, kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake wote huondoka naye, hata kama sehemu yao ilifanya vizuri, na kocha mkuu mpya huja na watu wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa fundi mzuri maisha yake yote na bado kila baada ya miaka mitatu akajikuta anatafuta nyumba ya kupanga katika mji asioujua. Hakuwahi kuwa kocha mkuu, na sikuwahi kumsikia akisema alitaka kuwa. Alipenda miguu. Angeweza kuzungumza dakika arobaini juu ya hatua ya kwanza ya mguu wa kushoto, jinsi isivyotakiwa kuzidi urefu wa kiganja, na ukimwangalia ungedhani anazungumza juu ya chakula.

Chumba chetu kilikuwa chini ya jumba la mazoezi, pembeni ya chumba cha kufulia jezi. Nikipita leo mahali penye mashine za kufulia, ile harufu ya sabuni na soksi mbichi inanirudisha pale mara moja. Kulikuwa na viti vya plastiki ambavyo havikututosha, bomba moja lililogonga kila maji ya moto yakipita, na ukuta mweupe ambao Kocha alioneshea video za mechi. Kila Jumatatu tulikaa gizani naye akarudisha video nyuma, akaenda mbele, akarudisha tena. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Tena," na wewe ulijiona ukikosea kwa mara ya sita. Alitupa alama kwa vitu vitatu: miguu, mikono, macho. Matokeo hakuyapa alama. Kama mrusha mpira ameangushwa lakini miguu yako ilikuwa mahali pake, ulipata alama zako zote. Kama hakuangushwa kwa sababu mpinzani aliteleza, hukupata kitu, hata kama uwanja mzima ulishangilia. Gunnar, kijana wa shambani aliyecheza katikati ya safu, alimwuliza siku moja kwa nini anampunguzia alama wakati tulishinda. Kocha akamjibu, "Wewe hukushinda. Wewe ulibahatika, na sisi tulikuwa karibu nawe." Tulicheka wote, Gunnar pia.

Alhamisi tulikwenda kula kwake. Nyumba ilikuwa ndogo, ya rangi ya krimu, katika mtaa wa Golden Valley ambao nyuma yake kuna majengo makubwa ya makampuni na viwanja vya nyasi visivyo na mtu. Tulivua viatu mlangoni, jozi tano za viatu vikubwa kama mitumbwi, na Mama Carol, mkewe, alivipanga kwa mguu huku akisema hajui anaanzia wapi kutulisha. Alipika chakula cha huku, nyama ya kusaga na maharage mabichi kwenye bakuli la kuoka, juu yake vipande vya viazi vilivyokauka vizuri. Mara ya kwanza Otieno alininong'oneza, "Boss, hii imekosa pilipili, lakini usiseme," na mara ya tatu alikuja na chupa yake mfukoni. Kocha alikuwa na sharti moja mezani. Hakuna aliyejipakulia. Ulimpakulia aliye kushoto kwako, ukamwangalia usoni, ukajua ametosheka au hajatosheka bila kumwuliza. Alisema mtu asiyejua njaa ya jirani yake hawezi kujua uzito wake uko mguu gani. Tuliona ni mchezo, lakini kufikia Oktoba nilikuwa najua Otieno akichoka kwa jinsi alivyopumua tu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa nilikwenda jikoni kurudisha bakuli nikawakuta Kocha na mkewe wamenipa mgongo, mke anaosha, Kocha anapangusa. Mama Carol alikuwa anasema, "Sifungi tena vyombo, Walt. Nimefunga mara nane. Safari hii wakikuondoa, nenda wewe, mimi nabaki na nyumba yangu." Kocha akasema, "Hawaniondoi." Mama Carol akasema, "Mwaka jana mlishinda mechi mbili tu." Kocha akaendelea kuipangusa sahani ambayo ilikuwa imekauka kitambo. Nikaliweka bakuli mezani polepole nikarudi. Niliyasikia, na nilielewa. Sitaki kusema baadaye kwamba sikujua jambo lilikuwa zito kiasi gani kwao. Nilijua tangu mwezi wa tisa kwamba kile ndicho chuo chake cha mwisho. Akikipoteza, atachagua kati ya kazi yake na mke wake.

Kiswahili kiliingia uwanjani kwa sababu ya njaa. Katika mchezo ule, wachezaji wakishajipanga, wale watano wana sekunde chache za kuambiana nani amchukue nani, na lazima waseme kwa sauti, na wapinzani wako hatua moja mbele yao wakisikiliza. Kila timu ina maneno yake ya siri na kila timu hujaribu kuyafumbua ya mwenzake. Siku moja mazoezini Otieno na mimi tulikuwa tunabishana juu ya chakula. Nilikuwa nimemletea sombe ya kwetu, majani ya muhogo na mawese, na dagaa tunaowaita ndagala, naye alikuwa anasema sisi Wakongo tunapika majani mpaka yanasahau kuwa ni majani. "Wacha za ovyo," nikamwambia, "bakuli umelilamba." Kocha akaja akasimama katikati yetu. Akauliza tunazungumza nini. Tukamwambia Kiswahili. Akafikiri. Akauliza, "Hicho chakula kinaitwaje?" Nikamwambia sombe. Akajaribu kulisema mara tatu, akilitafuna. Kisha akasema, "Kuanzia leo, hilo maana yake kushoto."

Ndivyo ilivyokuwa. Sombe, wote hatua kushoto. Ndagala, wote kulia. Chai, tubadilishane watu, wewe mchukue wangu nami nimchukue wako. Bugali, yaani ugali wa kwetu, baki ulipo, anakuja mtu wa pili. Nikimkumbuka Gunnar, aliyekulia kwenye ng'ombe wa maziwa, akiinama katikati ya uwanja wa Minnesota na kupaza sauti "ndagala, ndagala," bado nacheka peke yangu. Kocha aliyaandika maneno yale kwenye karatasi akaibandika juu ya meza yake kule chini, na nilimkuta akiyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha chooni. Tulishinda mechi tatu mfululizo. Mrusha mpira wetu karibu hakuguswa kabisa. Mimi, ambaye darasani nilikaa nyuma ili mwalimu asinisikie lafudhi, nilikuwa sasa mtu anayeulizwa. Wenzangu walikuja chumbani kwangu kuniuliza neno hili linatamkwaje. Sijawahi kupendwa vile na watu wengi kwa pamoja, wala kabla wala baadaye.

Jumapili iliyofuata mechi ya tatu nilitoa ushuhuda. Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kupanga juu ya duka la vyakula pale Frogtown, viti vya kukunja, na kinanda kilichokosa funguo mbili. Baada ya kwaya, mchungaji huuliza nani ana neno la shukrani, na atakayesimama anatakiwa aeleze jambo lote, asifupishe, ili watu waone Mungu alipita wapi. Kuna mama aliyewahi kutueleza upasuaji wake wa nyongo mpaka mtoto mmoja akalia. Nikasimama. Nikasema nilikuwa naionea haya lugha yangu, na sasa Wazungu wanaililia uwanjani. Watu wakasema amina. Mchungaji akasema, "Eleza, kijana, eleza." Nikaeleza. Nikawaambia sombe ni kushoto na ndagala ni kulia. Ukumbi ukacheka, nikaongeza chai na bugali, nikaonyesha hata na miguu. Wamama wakapiga vigelegele. Nyuma yangu ilikaa kwaya, na upande wa besi alikuwepo Bahati, kijana wa Maplewood ambaye tulikula naye kila Jumapili kutoka sufuria moja. Bahati alichezea chuo kilichokuwa ng'ambo ya mto. Nilijua. Ila pale kanisani nilimwona kama ndugu wa kanisani, na mtu hafichi ushuhuda mbele ya ndugu. Haikunijia hata kidogo kwamba siku sita baadaye angesimama mbele yangu amevaa kofia ya chuma.

Alisimama mbele yangu, hatua moja. Gunnar aliita sombe, nasi tukaenda kushoto, na Bahati alikuwa ameshafika. Mara ya pili niliita chai, naye akapita katikati yetu kabla hatujabadilishana. Nyuma ya vyuma vya kofia niliyaona macho yake tu, na yalikuwa yanacheka, si kwa ubaya, kama anavyocheka mwenzako akikukuta umejificha mahali pa kijinga. Otieno akasema, "Huyu msee anatusoma aje? Unamjua?" Nikasema simjui. "Anajua mpaka chai, Suku." Nikasema anabahatisha. Kufikia katikati ya mchezo mrusha mpira wetu alikuwa ameangushwa mara nne na alikuwa anaamka kwa kushika goti.

Wakati wa mapumziko Kocha Walt alipiga magoti mbele ya benchi letu, jinsi alivyokuwa akifanya, ili macho yake yawe chini ya yetu. Alikuwa na kalamu sikioni. Akaniangalia mimi. Akauliza, "Suku, wanajua maneno yetu?" Ningeweza kusema ndiyo. Tulikuwa na maneno ya zamani ya Kiingereza, tungeyarudia kwa dakika mbili. Lakini ndiyo ingefuatwa na swali la wameyajuaje, na jibu lake lingekuwa mimi, nimesimama kanisani nikionyesha miguu huku wamama wakinishangilia. Nikasema, "Hapana, Kocha." Akaniangalia kidogo zaidi. Akasema, "Haya. Basi ni miguu yetu," akaanza kuzungumza juu ya miguu.

Katika robo ya tatu Bahati alisikia bugali, akajua ninabaki nikimngoja mtu wa pili, akazunguka nyuma yangu. Sikumwona. Nilisikia sauti kama ya ubao, nikageuka nikamkuta mrusha mpira wetu amelala ubavu, ameshika bega, anauliza kwa adabu kabisa kama kuna mtu anaweza kumvua kofia. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Mwaka ule hakucheza tena, na sisi hatukushinda tena.

Kesho yake kanisani nilimvuta Bahati ngazini. Nikamwuliza kwa nini amenifanyia vile. Alinishangaa kwa dhati. "Mais ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya na Kifaransa, "ulisema mbele ya kanisa nzima. Donc ulitaka nizibe masikio?" Kisha akaniuliza kijana wa watu anaendeleaje, na akasema mama yake yeye Bahati ameanza kumwombea kijana huyo. Tulikula pamoja siku ile. Sikuwa na la kumdai.

Jumatatu asubuhi, kabla ya wengine kufika, nilishuka chini nikamkuta Kocha peke yake na video imesimamishwa ukutani, mimi nikiwa nimegeuka, Bahati akiwa nyuma yangu. Nikamwambia yote. Ushuhuda aliuelewa haraka kuliko nilivyotarajia, hata akatabasamu kidogo, akasema baba yake mzazi alikuwa mtu wa kanisa na yeye pia angeropoka. Nikamwambia na la mapumziko. Hapo tabasamu likaondoka. "Nilikuuliza," akasema. Nikasema ndiyo, Kocha. "Nilikuuliza ukiwa umekaa mbele yangu." Nikasema ndiyo, Kocha. Bomba likagonga ukutani. Akazima video. Akaniambia kwamba saa nne ameitwa juu kwa kocha mkuu, kwa sababu baba yake mrusha mpira, aliyekuwa kwenye bodi ya chuo, ameandika barua akitaka kujua ni kocha gani anayetumia lugha asiyoijua mwenyewe, na kwa nini hakuiacha alipoona imejulikana. Nikamwuliza atajibu nini. Akasema maneno yale yalikuwa wazo lake, basi atasema ni wazo lake. Nikamwuliza, na mimi? Akavaa koti lake. "Wewe una miguu," akasema. "Ngazi ziko pale."

Nilizifuata. Zilikuwa ngazi za saruji zenye ukingo wa chuma, na ofisi ya kocha mkuu ilikuwa juu kabisa, mlango wake ulikuwa haufungi vizuri. Nilifika kwenye kona ya katikati nikasikia sauti ya kocha mkuu. Alikuwa anauliza, "Wakati wa mapumziko, Walt. Kwa nini hukubadilisha?" Kocha Walt akasema, "Sikuona." Yule akasema, "Miaka ishirini na sita, na hukuona?" "Sikuona," akasema tena, kwa sauti ileile. Mtu wa kazi hiyo kusema hakuona ni sawa na fundi seremala kusema hajui kupima. Nilikuwa na hatua kumi na moja mbele yangu. Nilizihesabu. Nikasimama na mkono kwenye chuma mpaka nikasikia viti vinasogezwa, ndipo nikashuka, haraka, kwa ncha za vidole, nikaenda darasani.

Watu wazuri walioniambia baadaye kwamba nilikuwa mdogo, kwamba niliogopa kupoteza nafasi ya chuo, walinipa sababu ambazo sikuwa nazo. Hakuna aliyekuwa anataka kunifukuza. Niliogopa kuonekana mpumbavu mbele ya watu waliokuwa wamenipenda kwa wiki tatu.

Walimwondoa mwezi wa kumi na moja, siku chache baada ya mechi ya mwisho. Kocha mkuu alibaki. Alhamisi iliyofuata tulikwenda Golden Valley bila kualikwa, watano, na Mama Carol akatulisha kama kawaida. Hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Kocha alimsahihisha Gunnar namna ya kuvaa soksi mbili. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, na tulipokuwa tunavaa viatu Kocha alisimama mlangoni akatushika shingo mmoja mmoja, mimi pia, kwa uzito uleule. Ningependa kusema kwamba alinishika tofauti. Hakunishika tofauti.

Mimi niliacha chuo mwaka uliofuata. Nilisikia kwa Otieno kwamba Kocha aliitwa Dakota akakataa, kwamba anaendesha basi la shule. Nilimwona mara moja kwa macho yangu, kwenye maegesho ya duka moja hapa Maplewood, anapakia magunia ya chumvi ya kuyeyushia barafu. Alikuwa amekonda. Nikageuza kigari changu nikaingia tena dukani, nikazunguka kwenye sehemu ya mapazia mpaka nikahesabu kwamba ameondoka. Binti yangu mkubwa alikuwa ndani ya kile kigari. Aliniuliza kwa Kiingereza tumesahau nini, nikamwambia hatujasahau kitu.

Siku ya kumuaga nilivaa suti ya harusi yangu, ambayo haifungi tena. Kilikuwa chumba cha nyumba ya mazishi, zulia nene, taa za manjano, jeneza limewekwa mwisho wa chumba likiwa wazi nusu. Otieno alikuwa amefika, na kitambi, na Gunnar na wale wengine wawili, wazee kwa namna ambayo sikuitarajia. Gunnar aliponiona tu akasema "sombe," na wote wanne wakapiga hatua moja kushoto pale kwenye zulia, wanaume wazima wenye tai, wakacheka huku wanafuta macho. Otieno akaniambia, "Kuja usalimie mathe. Amekuuliza mara mbili." Mama Carol alikuwa amekaa kwenye kochi dogo katika chumba cha pembeni, penye kahawa na mikate yenye nyama. Alinishika mikono yote miwili. Aliniuliza watoto wangapi. Akaniambia nile.

Sikula. Nilikaa pembeni yake nikamwambia. Nilianza na ushuhuda, akanikatiza, akasema hilo analijua, Walt alimwambia siku ileile na walicheka. Nikamwambia kuna la pili. Nikamwambia kwamba wakati wa mapumziko Kocha aliniuliza kama maneno yamejulikana, nami nilikuwa najua kwamba yamejulikana, nikamwambia hapana.

Mama Carol aliiachia mikono yangu. Si kwa hasira, ilitoka tu. "Alikuuliza?" akasema.

Nikasema ndiyo, aliniuliza, nikiwa nimekaa mbele yake.

Mama Carol akaigeukia meza ya kahawa. "Kila mwaka," akasema, "mechi zikianza kwenye televisheni, nilimwambia. Miaka yote hii. Nilimwambia, Walt, ungebadilisha tu pale mapumziko. Mtoto yeyote angeona. Kwa nini hukuona?" Alikuwa anaangalia glasi za karatasi mezani. "Nilimwambia akiwa anakula. Nilimwambia hata mwaka huu, akiwa amelala pale na mashine. Na yeye alikuwa ananijibu, ni kweli, Carol, ningeona."

Nikasema nisamehe, Mama. Alishika mkono wa kochi, nikainuka kumsaidia, akatikisa kichwa kwamba hapana, akasimama mwenyewe. Akapita katikati ya watu waliotaka kumpa pole bila kuwatazama, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa chumba kikubwa. Akavuta kiti akakaa karibu na jeneza, karibu sana, kichwa chake kikiwa usawa wa kichwa cha mumewe, akaanza kuzungumza naye.

Otieno akaja kando yangu. "Umemwambia nini?" akauliza.

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakunitania. Watu walianza kuaga na kuchukua makoti yao. Mama Carol alikuwa bado anazungumza, kwa sauti ya chini, mkono wake umewekwa kwenye kifua cha suti ile. Sisi wanaume watano tulisimama mlangoni mwa chumba kile, hakuna aliyemkaribia, tukawazuia kwa upole waliotaka kupita kumfikia.